Maji ya Jerop

Kwanza, Trans-Nzoia
Juni 2025

Mpendwa dada Agneta,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai wewe, shemeji Mukhwana na watoto mko salama hapo Mabanga, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi naendelea. Mume wangu Eliakim bado yuko Lodwar kikazi, kwa hiyo jioni nasonga ugali wa mtu mmoja na kusikiliza mvua.

Darasani tunasoma vitu vyenye uhai. Niliwapa watoto maharagwe makavu, nikawauliza kama yako hai. Chesang aliweka lake sikioni, akasema limekufa, halipumui. Wenzake wakakubaliana naye. Tukayaweka kwenye pamba yenye maji, na wiki iliyofuata yakachipuka. Nikawaeleza kwamba hayakuwa yamekufa, yalikuwa yamelala tu yakingoja maji. Nilijiona nimefundisha vizuri.

Juzi akaja shuleni nyanyake Jerop, msichana mmoja mpole wa darasa hilo. Alisema kila jioni mtoto anabeba maji na kuyamwaga kwenye kaburi la mama yake, na akikatazwa anajibu, “Si mwalimu alisema wamelala tu.”

Nilienda kwao. Nilimkuta amechuchumaa kando ya udongo uliolowa, nami nikachuchumaa. Nikamweleza kwamba ndani ya mbegu mna mche mdogo ulio hai, lakini mtu akifa hachipuki. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia kwamba mimi pia nina mtu wangu aliyekufa, nimemngoja na hajarudi. Akaniuliza anaitwa nani. Nikasema alikuwa hajapewa jina.

Akamwagia sukuma wiki za nyanyake yale maji yaliyobaki, akanishika kidole tukaingia ndani.

Dada, Machi nilipokwambia nimelazwa Kitale kwa malaria, haikuwa malaria. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, ambayo nilikuwa sijaitangaza, ikatoka. Eliakim alinipa pole kwa simu, na tangu hapo hatujaitaja. Nawe ningekupigia, lakini ningelia tu bila kusema lolote. Jerop ndiye mtu wa kwanza kuniuliza jina.

Msalimie mama, ila hili usimwambie bado. Shule zikifungwa nitakuja. Usinichinjie kuku wala usiwaite watu. Nitandikie tu kitanda kimoja, tulale mimi na wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Phelista