Sauti ya Bibi Katika Mtihani wa Kusikiliza

Mama mdogo mpendwa,

Nakuomba, hata neno moja la barua hii lisitoke nyumbani kwako. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza hapa Darwin, na mijusi wanasinzia kwenye dirisha la ofisi.

Ijumaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa chuoni wana mtihani wa kusikiliza Kiingereza, kuhusu kazi na watu wa kuigwa. Jana nilivaa spika za masikioni niukague, nikamsikia mama yako, bibi yangu, akicheka. Alikuwa akieleza jinsi alivyokuwa muuguzi kisiwani kwetu Galiwin'ku, na nyuma yake bahari ikivuma taratibu. Kwa kitambo nilikuwa mtoto tena, nimelala mapajani pake. Kisha nikakumbuka kwamba msiba wake haujaisha, na kwamba kwa mila yetu jina la marehemu na sauti yake havisikiki mpaka ninyi wanawe mruhusu. Nikazima.

Nilimweleza mkuu wangu, Bwana Kerrigan.

"Delwyn, ni sauti tu, si mzimu!" alicheka. "Si alikubali mwenyewe kurekodiwa?"

"Alikuwa hai, bosi. Sasa wa kukubali ni watoto wake."

"Basi niletee ruhusa kabla ya Ijumaa, la sivyo nitatafuta karani mwingine."

Kazi hii naipenda, Mama, lakini bila neno lako siigusi mashine ile ya sauti.

Usipige ofisini. Piga duka la mikate mkabala na chuo, umwulizie binti wa Galiwin'ku; ndivyo wanavyoniita hapo. Kila jioni nitakuwa hapo. Sema "azungumze" au "apumzike", nitaelewa. Likiwa la pili, nitarudi nyumbani; nitandikie godoro barazani.

Mwanao,
Delwyn