Dawa Iliyobaki Kwenye Chupa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na kazi zinaendaje huko? Mimi mzima wa afya, na jicho ndiyo usiseme! Tangu waliponiondolea ule ugonjwa wa mtoto wa jicho, natunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Wateja walioanza kunikimbia wamerudi na vitambaa vyao. Daktari alisema dawa ya kifuniko cha pinki niiache baada ya wiki nne. Hii ni ya saba, bado naitia. Inalainisha jicho, na chupa haijaisha. Fundi cherehani hatupi hata kipande cha bitana, sembuse dawa! Wiki iliyopita nilitakiwa kliniki, ila sare za shule zimenibana.

Mama yako

12 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua yako imenitoa jasho. Nimemuuliza muuguzi wa hapa kazini. Dawa ile inatuliza kidonda, lakini ikizidi muda inaweza kupandisha presha ndani ya jicho. Presha hiyo huweza kupanda bila maumivu, mama. Inakula mshipa wa kuonea polepole, na ukishaharibika hakuna fundi wa kuushona tena. Weka sare chini, nenda wakakupime. Kesho, si Jumatatu. Naogopa.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kusubiri. Nilikuona mjuaji, nikaiacha barua yako mezani siku nne. Kisha nikaenda. Presha thelathini na mbili, na haitakiwi kuzidi ishirini na moja! Daktari hakunigombeza. Ile ya pinki kaisimamisha, kanipa nyingine ya kushusha, asubuhi na jioni. Nilimwambia wazi kwamba kosa ni langu.

Mama yako

23 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Mimi leo nacheka peke yangu. Presha kumi na sita! Mshipa nao wameupima, uko salama. Dawa natia kwa saa, hata kama bibi harusi mwenyewe amesimama mlangoni anadai gauni. Mwezi ujao napimwa tena, na sikosi. Umenizidi akili, mwanangu. Lisome hilo mara mbili, maana siliandiki tena.

Barua hii nimeiandika kwa jicho lilelile. La pili nimelifunika kwa kiganja tangu mstari wa kwanza.

Mama yako