Sauti Yako Kwenye Ukungu

Mwanangu Rukia,

Ujumbe wako umenikuta kwenye cherehani asubuhi hii, hapa dukani Fordsburg, Johannesburg, nikiwa na suruali ya mteja yenye mguu mmoja tu. "Shikamoo baba. Tumeshuka salama, watoto wote wako kwao." Nimeusoma, nikausoma tena, nikatoka nje kusimama. Jirani yangu anayeuza viungo akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata pumzi.

Tangu uliposema kwamba theluji ya huko unakosoma inaisha na wewe unawapeleka watoto wa klabu yenu milimani kwa mazoezi, chakula kilikuwa hakipiti. Mama yako aliniona akaifunika sahani yangu. Najua sote wawili tulikuwa tunafikiria mlima mmoja.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu Karin, aliyekuwa anawafundisha michezo shuleni, alizaliwa kwenye nchi ya baridi na hakuona kwa nini watoto wa Johannesburg wasijue mbio ndefu za skii. Kila majira ya baridi aliwavusha mpaka hadi Lesotho, kunakoanguka theluji, mkavaa zile mbao nyembamba miguuni, mkarudi pua zimebabuka kwa jua. Majirani wa mtaani kwetu La Rochelle waliponiuliza mwanangu anacheza mchezo gani, nilijibu riadha. Ilikuwa rahisi kueleza.

Theluji ikiisha, ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Jumamosi alfajiri nilikupeleka kwenye maegesho ya lile duka kubwa kabla halijafunguliwa, ukavaa skii za magurudumu, ukajisukuma na fimbo zako mbili huku nikikimbia nyuma na chupa ya maji. Yule mlinzi Mkongo alikuwa anakuita, "Dada, kaza, kaza!" Siku moja ulianguka ukapasua goti la suruali niliyokushonea, ukaniambia kwa Kiingereza kwamba kosa ni la lami. Wewe kila kitu ulisema kwa Kiingereza. Nilikuuliza kwa Kiswahili, ukanijibu kwa lugha ya shule, tukaendelea hivyo miaka yote. Mama yako tu ndiye aliyekuwa anasema, "Huyu tukimpeleka Tanga atazungumza na nani?"

Septemba ile Mwalimu Karin akapanga safari ya milima ya Drakensberg. Mlitakiwa mtembee juu mlimani na fimbo, mpande kama mnavyopanda na skii, mlale kwenye mahema. Alihitaji mtu mzima wa pili. Mama yako akaniambia, "Aende, lakini na wewe uende." Basi mimi, fundi cherehani niliyekulia kwenye joto la Tanga, nikajikuta napanda mlima na viatu vya kuazima.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Unakumbuka tulivyokunywa maji ya kijito, nikasema yananiuma meno, mkanicheka wote? Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, ukungu ukateremka. Haukuja taratibu. Nilikuwa naiona migongo yenu yote, mara nikawa naona mgongo mmoja tu. Kisha vikaanza kuanguka vipande vya theluji, laini, vya kuchelewa msimu. Mwalimu akaamuru kila mtu ashike fimbo ya aliye mbele yake, tushuke polepole.

Tulipofika penye jiwe kubwa akasimama kutuhesabu. Wewe hukuwepo. Thandi, yule mdogo wenu kuliko wote, naye hakuwepo.

Nilianza kurudi nyuma. Mwalimu akanishika mkono. "Baba Rukia, usiende mbali. Nikikupoteza na wewe nitamtafuta nani kwanza?" Nikamwambia sawa, na miguu ikaendelea kwenda. Nyuma yangu wenzako walikuwa wanapiga kelele kwa Kiingereza, wanayaita majina yenu, na mlima unazirudisha sauti zao kutoka kila upande. Sikujua nani anaita na nani anaitika. Nami nikawa nasonga mbele, nakuita.

Ndipo nikasikia: "Baba! Simama hapo. Usikuje. Mbele yako iko shimo."

Nikasimama. Upepo ukausogeza ukungu kidogo, nikaona nyasi zimeishia hatua chache mbele yangu. Chini yake kulikuwa na korongo ambalo hata leo sipendi kulieleza. Ng'ambo yake mlikuwa mmeketi chini ya mwamba, fimbo zenu mmezisimika wima, Thandi umemfungia ndani ya koti lako. Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka, ukasimama kumsubiri, mstari ukawapotea, mkaishia upande ule bila kujua. Mkafanya vile Mwalimu alivyowafundisha kwenye mazoezi: kaa chini, simika fimbo, ita.

Mwalimu alizunguka kwa juu akawaleta. Nilikukumbatia mpaka ukasema, "Baba, unanibana." Thandi akauliza kama kuna biskuti zimebaki. Nikacheka, na machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona.

Tukiwa njiani kurudi nilikuuliza kwa nini uliniita kwa Kiswahili. Ukasema, "Wote walikuwa wanapiga kelele kwa Kiingereza. Nilitaka ujue ni mimi." Kisha ukalala begani kwangu mpaka tukaziona taa za mji.

Nyumbani nilimweleza mama yako kila kitu. Nilidhani skii zako zitaishia siku hiyo. Alichukua nguo zako zenye matope, akazifua, akazianika. Wewe ulisubiri mlangoni. Mwishowe akakuuliza, "Jumamosi mazoezi ni saa ngapi?" Mimi nisingeweza kuuliza swali lile. Yeye aliliuliza, na kwa ajili hiyo leo uko huko unasoma, na watoto wa watu wanafuata mgongo wako.

Nataka ujue kwamba sikuwa na wasiwasi na akili yako. Wasiwasi ni kazi ya mzazi tu, haina likizo. Lakini leo imenipa ruhusa. Nimempigia mama yako simu nikamsomea ujumbe wako. Akasema, "Alhamdulillah. Ukirudi pitia nyama, leo napika pilau."

Kwa hiyo leo nitakula, mwanangu, na nitalala. Vikaushe viatu vyako, upumzike na wewe. Ukiwaona wazazi wa hao watoto, wape salamu zangu. Hawanijui, lakini wiki hii yote tulikuwa tunasubiri pamoja.

Ni mimi,
Baba yako