Dada wa Ndani ya Mashine

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa utafiti amenifuata tena chumba cha mashine ya MRI, ninakopiga picha. Picha za ubongo wa wagonjwa wa akili anazo tele, ila amepungukiwa na wazima wa kulinganisha nao. Ameniuliza, hivi sina ndugu kijana, buheri wa afya? Ninaye! Kitinda mimba wetu, Waziri. Tulimpa jina hilo tangu utotoni kwa kupenda kusemea watu. Siku hizi amepunguza maneno. Mama anasema ni mitihani ya chuo tu. Acha aje, atachangamka.

Jumatano, 6 Machi

Niandike kabla sijalala.

Waziri alivua mkanda, saa, kila chenye chuma. Nikamlaza mwenyewe, nikamtania asije akakoroma akaniharibia picha. Akacheka. Nikarudi nyuma ya kioo. Ile mashine inagonga kama mafundi bati, halafu hunyamaza kidogo kabla ya picha nyingine. Mimi husikia kila kitu kutoka ndani. Aliyelala hanisikii mpaka nibonyeze kitufe.

Sikubonyeza. Nikamsikia: "Ndiyo, dada." Kimya. "Sawa, sitamwambia." Kimya tena. "Lakini mama hawezi kunifanyia hivyo, dada!"

Nilipomtoa nikamuuliza alikuwa anaongea na nani. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Na wewe, akasema.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwambia Daktari. Hakuzunguka. Anasema kila mtu hujisemesha kichwani, na ubongo huweka alama — hii ni yangu. Inadhaniwa kwamba kwa wengine alama hiyo hukosekana; basi sauti inaonekana imetoka nje, hata ikavaa sauti ya mtu wanayemjua. Na dopamini, kemikali ya ubongo, ikizidi, vitu vidogo vinakuwa vizito: mlango ukibamizwa, mtu akikohoa, vyote vina ujumbe. Haya yote nimeshayasikia kwenye semina huku nikipiga miayo. Leo nilikuwa nasikiliza kama mwanafunzi aliyefeli.

Bado sijajua kama ndio huo ugonjwa wenyewe, amesema. Ila aonwe mapema. Dawa zipo. Wengi hupata nafuu.

Jumamosi, 9 Machi

Picha ya Waziri haina kasoro. Nimeitoa kwenye bahasha mbele ya Mama — ujinga ulioje! Ameinyakua, amekwenda kumwonyesha jirani mshonaji: mwanangu huyu hapa, ubongo safi!

Nikamwambia picha haioni sauti. Hata wagonjwa wenyewe, wengi wao, picha zao ni hivihivi. Akanijia juu. "Kazi yako si kupiga picha? Picha imesema mzima! Unamtakia mdogo wako wazimu?"

Nimelia bafuni, bomba nikiliacha wazi. Namkasirikia Mama na namwonea huruma, yote kwa mpigo.

Jumatatu, 11 Machi

Waziri hali tena chakula cha Mama. Anakula ndizi, za kumenya mwenyewe. Leo Mama amemkuta ananusa sahani, kisha anaimwaga nyuma ya nyumba. Mficha maradhi, kilio humuumbua — lakini nani atamwambia hivyo mama yake mzazi?

Mama hakupiga kelele. Aliosha sahani, akachukua mtandio. "Twende kwa huyo daktari wako."

Jumatano, 13 Machi

Jana tulirudi na vidonge. Kimoja kila asubuhi. Cha jana alikimeza palepale hospitali, mbele ya muuguzi. Cha leo amekiweka kiganjani, anakitazama.

Mama yuko mlangoni. Haingii. Ameshajua sumu inayoogopwa ni ya nani, maskini. Maji nimechota mimi, nikanywa kwanza, nikampa.

"Dada, unasema nimeze?"

Meza, mdogo wangu.

"Dada wa kwenye mashine anasema nisimeze."

Nikamwambia yule si mimi. Mimi ndiye huyu, nimekaa na wewe, nishike mkono. Akaushika. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akasema kwa upole kabisa, kama anayenihurumia:

"Naye anasema hivyohivyo juu yako."

Kazini nimeshachelewa. Naandika nikiwa nimekaa mbele yake ili nisimkodolee macho. Mama bado mlangoni. Kidonge bado kiganjani, kimeanza kulowa jasho, na Waziri ameinamisha kichwa, anatusikiliza sote wawili, mimi na yule dada mwingine.