Njia Aliyoitaka Bi Esha

Jumanne, 10 Juni

Kusoma mita za maji mitaa ya sokoni kumenimaliza. Mbwa, mageti yaliyofungwa, mama mmoja anayedai maji yake hayatoki ila bili inatoka. Nimerudi saa tisa. Ugali, kisamvu, halafu kompyuta.

Hadithi bado haijakaa sawa. Shindano la kikundi chetu cha WhatsApp, watu wa Nachingwea na Ruangwa tunaopenda kuandika, safari hii ni la hadithi za kuchagua. Msomaji anafika mahali anaulizwa: sasa unafanya nini? Anabonyeza jibu, na hadithi inakwenda alikochagua. Mwalimu Kassimu wa Ruangwa, aliyeanzisha kikundi, ametutumia programu ya bure na maelezo ya sauti. Mada ni mlango. Zawadi ni jogoo.

Mimi nina Salma, ambaye hasemezani na kaka yake Bakari. Ametoka kwake asubuhi kumfuata. Atafika mlangoni. Halafu? Sijui. Nimezoea hadithi ambazo lazima nijue. Hii inaniruhusu kutojua, na nimeipenda kwa hilo.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata msomaji wa kwanza. Bi Esha, mwenye nyumba wangu. Mmwera wa hapa hapa Nachingwea, mjane, ana mikorosho yake kijijini Mtua. Macho yake hayapatani na maandishi madogo, kwa hiyo nasoma mimi, anachagua yeye.

Anaiba mchezoni. Salma alipofika njia mbili, Bi Esha akachagua ya mkato. Nikasoma: Salma amekwama kwenye tope, kiatu kimebaki humo.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Hairudi, Mama. Ukishachagua umechagua."

"Mchezo gani huo. Rudisha."

Nikarudisha. Akapita njia ndefu, akaridhika kabisa, kana kwamba tope halikuwahi kutokea. Je, niweke sheria ya kutorudi? Au watu ndivyo walivyo na niwaache? Nimelifikiria hilo jioni nzima.

Jumatatu, 16 Juni

Mambo yameharibika.

Leo nimemsomea sehemu ya pili. Kwa nini Salma na Bakari hawasemezani: Bakari aliukata mkorosho wa mpakani uliopandwa na mama yao, bila kumwambia mtu. Nilikuwa nasoma huku namtazama, nione atakavyochagua. Hakuchagua.

"Nani kakupa habari za mkorosho wa mama?"

"Wewe, Mama. Mwaka jana, tukipepeta ufuta."

"Nilikupa ukae nazo."

Akakunja mkeka akaingia ndani. Kaka yake anaitwa Issa, yuko Chinongwe. Tangu mti ule ukatwe hawajaonana. Yote hayo nilikuwa nayajua, nikabadilisha majina tu nikaona nimetunga.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwamkia. Marahaba, basi. Hakuniuliza habari za kazi wala kama kwetu Singida hawajambo. Kila siku huuliza.

Naona aibu. Na bado, katikati ya aibu, nataka kujua angechagua nini. Sijipendi kwa hilo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempigia Mwalimu Kassimu. Kasema kila mwandishi anaokota mahali, nibadilishe kidogo nitume, mwisho wa kupokea ni Ijumaa ijayo. Ni rahisi kwake. Yeye hachoti maji kwenye bomba moja na Bi Esha.

Nimeugeuza mkorosho kuwa kisima. Bakari kafukia kisima. Hadithi ikafa papo hapo. Kisima kinafukuliwa tena mkipatana. Mti ukikatwa umekatwa.

Nimeamua nisitume chochote.

Jumamosi, 21 Juni

Bi Esha ameniita uani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ule mchezo wako ulikuwa unaniuliza nini?"

Nimemwambia kwamba nimeuacha. Akasema hakuuliza kama nimeuacha. Nikaenda kuleta kompyuta, nikamsomea. Salma yuko mbele ya mlango wa kaka yake. Moja: bisha hodi, umwambie kosa lake. Mbili: rudi nyumbani, usubiri aje mwenyewe.

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Hakuna ya kwenda kumsalimia tu?"

"Hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

Wiki nzima nimechora njia, nimeweka tope na viatu, hiyo haikunijia hata kidogo.

"Iweke," akasema.

"Nikiiweka, Mama, sijui kinachofuata."

"Na mimi sijui." Akapuliza pumba. "Kesho una kazi?"

Jumapili, 22 Juni

Tumekwenda na kurudi. Miguu inaniuma lakini naandika kabla sijapoteza.

Gari la asubuhi hadi Ruangwa, kisha bodaboda mbili hadi Chinongwe. Bi Esha alivaa kanga ambayo huwa naiona siku za harusi tu. Mapajani kashika mfuko wa ufuta. Tulipokaribia akamwambia dereva wake apunguze, halafu akamwambia asimame, halafu akakaa tu juu ya pikipiki. Nikajua anataka turudi. Nikajiuliza niseme nini na nikaona hainihusu. Mwishowe akashuka, akatembea.

Alibisha hodi yeye mwenyewe. Akatoka wifi yake, mke wa Issa, mama mnene mwenye mikono yenye unga. Alimtazama Bi Esha, akaita jina la mumewe bila kugeuka.

Mzee Issa ni mrefu, amepinda mgongo. Alisimama mlangoni.

"Esha."

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mmekuja na nini?"

"Gari. Halafu bodaboda."

"Barabara?"

"Ina vumbi."

Basi. Tukaletewa mkeka. Wakazungumza salfa ya kupulizia mikorosho imefika au haijafika, ufuta wa mwaka huu, nani amekufa Mtua, nani Nachingwea. Waliokufa walikuwa wengi. Wakati mwingine walihamia Kimwera nikabaki natazama midomo. Nilingoja mti utajwe. Kwenye hadithi yangu ungetajwa ndani ya sentensi mbili.

Tumekula ugali wa muhogo na mbaazi. Issa alimsogezea dada yake bakuli la mboga mara mbili. Yeye mwenyewe hakula sana.

Wakati wa kuondoka akatusindikiza hadi zilipo pikipiki. Hapo ndipo alipoutaja mti, anaangalia tairi.

"Ule mti ulikuwa na mchwa."

"Najua," Bi Esha akajibu.

"Ungetuangukia."

"Ungeniambia kwanza, lakini."

Issa akaigusa tairi kwa kidole cha mguu. Dereva wangu akawasha, nikamfanyia ishara azime.

"Kweli. Ningekuambia," akasema.

Hakuna aliyelia. Hakuna aliyemshika mwenzake mkono zaidi ya ule wa kuagana. Tuliposhuka Ruangwa kungoja gari, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama kweli alijua habari ya mchwa.

"Sikujua. Ndiyo nasikia leo," akasema. "Lakini ningesema sijui, angeanza kueleza, tungelala pale."

Jumanne, 24 Juni

Nimemwomba ruhusa, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Amenipa kwa masharti. Salma asiwe Mmwera, awe wa kwetu Singida. Mti usiwe mkorosho. Na Jumapili nisiiandike.

Nimekubali yote. Mkorosho sasa ni mkwaju. Ajabu, mkwaju haukuua hadithi kama kisima kilivyoiua. Njia ya tatu nimeiweka: msalimie tu. Mlango unafunguliwa, Bakari anauliza amekuja na nini. Hapo nimeishia. Siyo kwamba sijui kinachofuata. Ninachokijua si changu.

Hapana, swali hilo nimelichukua Jumapili. Nimelifuta. Bakari sasa anasema karibu.

Ijumaa, 27 Juni

Nimetuma. Kassimu amejibu kwa kidole gumba.

Jumamosi, 5 Julai

Mkutano wa kikundi Ruangwa, nyuma ya mgahawa, viti vya plastiki. Bi Esha kaja pia. Kasema anataka kuona wanaomchagulia huyo mtu wa Singida.

Kassimu anasoma, watu wananyoosha mikono, njia yenye mikono mingi inafuatwa. Yangu ilikuwa ya tatu kusomwa. Tukafika mlangoni. Vijana wote: bisha hodi, umwambie kosa lake. Mmoja akasema mwanangu hapo ni kumchana tu. Watu wazima watatu wakataka kusalimia. Nikamtafuta Bi Esha. Mkono wake ulikuwa chini. Kassimu akauliza, nani anarudi nyumbani? Ukapanda mmoja tu, wa kwake.

Ikafuatwa njia ya vijana, wakapata ugomvi wao, wakapiga makofi.

Nilimuuliza baadaye kwa nini kurudi.

"Ile ya kusalimia naijua. Hiyo ya kurudi ndiyo nilitaka kuona ingenifikisha wapi."

Nikamsomea pale pale, kwenye simu. Salma anarudi, anangoja, msimu unapita, anazoea. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimeandika vizuri. Hajawahi kusema hivyo.

Jogoo amekwenda Chunyu, kwa binti aliyeandika juu ya mlango wa choo cha shule usiofunga. Tumecheka mpaka machozi. Anastahili. Yangu haikutajwa kati ya tatu bora, na imeniuma kwa muda wa soda moja.

Jumapili, 13 Julai

Bi Esha yuko Chinongwe tangu Alhamisi. Alikwenda peke yake, akaniachia funguo zote, hata ya chumba chake. Leo alikuwa arudi. Amepiga mchana: salfa imechelewa huko, wifi yake mgonjwa wa mgongo, atakaa kidogo. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume inauliza ndoo iko wapi. Akaniambia subiri, akamjibu iko wapi, akarudi kwenye simu.

Kasema niwape kuku pumba, maji nibadilishe.

Nimewapa. Nimefagia uwanja. Nimefua sare ya kesho nikaianika upande wake wa kamba, kwa kuwa uko wazi.

Jua limeshuka nyuma ya nyumba ya jirani. Kuku wameingia wenyewe, mmoja mmoja. Nimefunga mlango wao.