Waliotoka Kwenye Beseni Letu

Mwenzangu Goreth,

Uliondoka kabla miguu ya mbele ya vyura wetu haijatoka, kwa hiyo mwisho wake hukuuona. Sijui barua hii ikupate wapi, ndiyo maana naiandika wazi, aisome anayetaka. Huenda mmoja wa watakaoisoma anakufahamu. Nina mambo mawili ya kukuambia. Moja ni la vyura. La pili linanichoma mpaka leo.

Tulikuwa na miaka sita, chekechea ya Musaga, benchi moja, nami nikiwa nimekuchorea mstari wa makaa katikati: huku kwangu, kule kwako. Vita vilikuwa vimeshaanza. Wiki nyingine barabara ya mjini ilifungwa na tulishinda ndani tukisikia milio ya mlimani. Wiki nyingine shule ilifunguliwa kana kwamba hakuna lolote, na mwalimu wetu, Madamu Zaina, alikuja kwa miguu kutoka Buyenzi na mtandio wake mweupe, akatuuliza usiku tumeota nini.

Siku ile alibandika ukutani picha mbili za kitabu cha Kifaransa. "Huyu ni grenouille," alisema, "ngozi laini, miguu mirefu. Huyu ni crapaud, ngozi iko na vipele, miguu mifupi." Alitaka tujue kutofautisha, basi. Lakini kutofautisha tulikuwa tumeshafundishwa nyumbani. Tuliwasikia wakubwa wakiwapima watu kwa pua na kwa kimo, huyu wetu, yule wao. Nikageuka nikakutazama, nikasema kwa ile sauti ya mwanafunzi anayejua jibu, "Mi niko grenouille. We uko crapaud."

Hukulia. Uliangalia mikono yako, juu, kisha chini, ukitafuta vipele.

Madamu akabandua picha zote mbili, akazikunja. "Huyu mu Kiswahili wanamwita nani?" Tukajibu, chura. "Na ule mwengine?" Chura. "Na mu Kirundi?" Igikere. "Na mwengine?" Igikere. "Haya," akasema, "Kifaransa iko na maneno mingi." Hakunichapa. Ningependelea anichape.

Kesho yake alikuja na beseni la kufulia la bluu. Ndani mlikuwa na utepe mrefu wa mayai ya chura aliouokota kwenye mfereji wa Kanyosha, laini kama ute, na ndani yake vidoa vyeusi vimepangana kama tasbihi. Akatuita mimi na wewe, wawili tu. "Hii kazi ni yenu. Kila asubuhi mutabadirisha maji, nusu. Mutawapa majani ya lengalenga ya kuchemsha." Nikauliza humo mna grenouille au mna crapaud. "Mi sijui," akasema. "Muangalie."

Tukaangalia. Unakumbuka asubuhi vile vidoa vilipoanza kutikisika? Ulinishika mkono kwa nguvu ukasahau kwamba hatuongei. Unakumbuka tulipoona utumbo wao umejiviringa tumboni, ngozi inapitisha mwanga, kila mmoja anaonekana mpaka chakula alichokula? Madamu alipiga magoti pale sakafuni akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, na sisi watoto wa kanisani tukawa tunasema "Subhanallah" siku nzima. Mimi niliipeleka mpaka mezani nyumbani. Baba akauliza kama nimesilimu.

Maji yalikuwa ya shida. Mama alisema, "Watu wako na kiu, we unabebea maji vyura?" Lakini kikombe alinipa, na wewe ulileta chako. Nilichagua kiluwiluwi mkubwa kuliko wote, nikampa jina langu, maana huyo lazima awe grenouille. Wewe ukachagua yule aliyeng'atwa mkia. "Ule ni mugonjwa," nikakucheka. "Apana," ukasema, "anangoja." Miguu ya nyuma ilipotoka, miembamba kama nyuzi, tulikuwa tumelala kifudifudi kando ya beseni, vichwa vimegusana. Mstari wa benchi ulifutika siku zilezile na hakuna aliyeuchora tena. Nikajiambia, siku watakapotoka majini nitamwomba msamaha.

Kisha ikaja ile asubuhi watu wa upande wenu walipohama. Mlipita mbele ya shule, mama yako na godoro kichwani, wewe na sufuria mgongoni. Mama yako hakusimama. Uligeuka tu ukasema, "Usisahau maji." Neno nilikuwa nalo mdomoni, Goreth. Nikasema, "Sawa."

Sasa la vyura. Mguu wa mbele hautoki kama ulivyofikiri. Unakua ndani, umefichwa, halafu siku moja kiwiko kinatoboa ngozi na mkono mzima unachomoka na vidole vyake. Nilipiga kelele darasa zima likaja. Kisha wakaacha kula. Lengalenga ikaoza majini. Nikadhani nimewaua, nikamlilia Madamu. "Mutoto, apana. Kinywa yake inageuka. Sasa anakula mukia yake mwenyewe, mupaka miguu ipate nguvu." Soko lilikuwa limefungwa, na sisi nyumbani tulikuwa tunamalizia mihogo ya mwisho. Nilikaa nikawatazama viumbe wadogo kama harage wakiishi kwa walichokuja nacho. Sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko hicho, na nimeshaona mengi. Wa kwako naye alitoka. Mkia ulipokwisha, jeraha nalo likaisha.

Leo mimi ndiye Madamu, chekechea nyingine, beseni jingine. Ni hapa ukubwani nilipojifunza kwamba mayai ya aina ile, yaliyopangwa kwenye utepe, ni ya crapaud. Madamu Zaina alijua tangu mfereji wa Kanyosha. Alituacha tungoje.

Walikuwa crapaud wote, Goreth. Hata yule niliyempa jina langu, ambaye alikuwa wa kwanza kupanda jiwe tulilowawekea beseni. Siku hiyo nilimchukua kiganjani, mgongo wake una vipele vidogo, koo linapiga, macho yana mviringo wa dhahabu, na nikaona ni mzuri kiasi cha kutisha. Wewe hukuwepo. Msamaha niliokuwekea nikamwomba yeye, kwa sauti, mbele ya darasa, kisha tukawapeleka wote mferejini.

Kama unasoma, naurudia kwako: nisamehe. Na maji sikusahau. Niliyabadilisha kila asubuhi, kikombe changu, halafu chako.

Mwenzako wa beseni