Saa Waliyomvua Bwana wa Mti

Baba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta hapo Magu una nguvu, na lile goti limekuacha upumue. Mama je, kifua kimetulia? Mimi huku Ujerumani mwili mzima, ila moyo umechafuka, na leo sitakuficha.

Unajua nilikuja kusomea historia ya sanaa. Muhula huu tunafanya mazoezi ya kazi kwenye jumba la makumbusho. Wiki iliyopita nafungua kasha, nani yumo? Yule bwana wako wa mti, sanamu uliyoichonga mwenyewe, mwenye sikio lililounguzwa na kibatari, uliyemfunga saa mbovu ya mjomba ili kumcheka mwenyekiti wa kijiji mchelewaji. Siku ile ya mashindano ya ngoma uwanja mzima ulihamia kwetu kumtazama, wapinzani wakabaki kuzichezea nyasi. Mwaka uliofuata ukamuuza, maana hakuna anayekuja kutazama kichekesho cha mwaka jana.

Basi profesa wangu amemvua ile saa. Eti inamharibu. Ukumbi wao umepangwa kama walivyofundisha wanazuoni wao wa mwanzo: sanaa huzaliwa, hukua, hukomaa, kisha huzeeka. Umri wote huo wamejipa wenyewe. Sisi wametuweka mlangoni, kabla hata ya kuzaliwa, watu wasiobadilika. Nikaambiwa niandike kibao chake cha maelezo: "Mchongaji hajulikani. Wakati haujulikani."

Nikamwambia, "Mchongaji ni baba yangu, na yuko hai." Nikamweleza kwamba kila baada ya mavuno msipoleta kitu kipya mnazomewa.

Akatabasamu. "Naelewa uchungu wako, lakini wageni wanakuja kuona vya kale."

Nikakataa kuandika. Nimeondolewa kwenye mazoezi, na bila hayo muhula nimefeli. Inaniuma, Baba. Inaniuma zaidi kwamba mwenzangu alikiandika kile kibao, na kimeshabandikwa. Saa waliitupa kwenye ndoo ya taka. Nimeiokota, nimeivaa.

Nisalimie Mama, shangazi wa Pasiansi, na kaka mpiga ngoma; mwambie mwaka huu asilegeze ngozi.

Na wewe, nina ombi kwako. Kwa mashindano yajayo mchonge profesa wangu: kipara, miwani puani, kidole juu. Saa nitaileta mwenyewe umfunge mkononi. Watu wakikuuliza huyu ni nani, waambie hajulikani.

Ni mimi binti yako, bado nimenuna,
Kabula